Mkono wa Kushoto wa Mpiga Kinanda

Kabla sijaingia kwenye bendi, besi ilipigwa na mkono wa kushoto wa kiongozi wetu. Bendi nyingi za makanisa ya huku kusini ziko hivyo. Mpiga kinanda anaupeleka wimbo kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto unashuka chini kabisa kutafuta sauti nzito, kwa sababu gitaa la besi halipo, au lipo na wa kulipiga hayupo.

Kanisani kwetu Kilwa Masoko gitaa lilikuwepo. Lilikaa nyuma ya mimbari, limefunikwa kitambaa cha meza. Nilianza kulishika baada ya ibada, watu wakishatoka, bila kulichomeka popote. Siku moja kiongozi alirudi kuchukua funguo zake akanikuta. Nilitaka kulirudisha haraka.

"Endelea," akasema.

Akakaa kwenye kinanda, akapiga kwa mkono wa kulia peke yake. Ule wa kushoto akauweka kwenye paja. Tulipomaliza akaunyoosha, akavunja vidole, akacheka.

"Unaona? Umenipumzisha."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Sikuombwa na sikuomba.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alianza kwa kufundisha kwaya ya watoto. Kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza simu na televisheni. Tulikuwa watano. Alikuwepo dada mwimbaji, ambaye siku za kazi aliuza vitambaa kwenye duka la familia ya Kihindi pale mjini, na sauti yake ndiyo iliyotufikisha popote tulipofika. Mpiga dramu alikuwa kijana wa Mitole, dereva wa bodaboda, mtu wa utani, ambaye akikasirika alitukana kwa Kimatumbi akisema Kimatumbi hakihesabiwi dhambi. Alikuwepo mpiga gitaa la solo. Na mimi, ambaye asubuhi niliponda barafu kwa mfanyabiashara wa samaki, na vidole vyangu vilihitaji muda wa kupata joto kabla havijakubali nyuzi.

Muziki wetu haukuwa wa kwaya. Ulikuwa na dramu nzito na gitaa la kukwaruza, na wazee wa kanisa walituambia wazi kwamba hawauelewi. Vijana waliupenda, hata wasio wa kwetu. Masoko ni mji wa Waislamu na kanisa letu limezungukwa na majirani wa siku nyingi. Adhana ikianza tulinyamaza mpaka iishe. Mimi nilisimama karibu na dirisha, kwa hiyo mimi ndiye niliyeinua mkono kuwasimamisha wenzangu. Adhana ikiisha, vijana waliokaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani walipiga kelele, "Haya, malizieni ile! Mmetuacha njiani!"

Tulialikwa kupiga Nangurukuru. Tukaalikwa Likawage, kwenye kanisa lililokuwa limeezekwa bati jipya, na huko jenereta lilizimika katikati ya wimbo. Dada aliumalizia bila kipaza sauti, peke yake, na watu wakalia. Baada ya hapo tukawa tunajulikana. Watu walianza kutusalimia njiani kwa maneno ya nyimbo zetu.

Mpiga solo alitoka kabla hatujarekodi. Nasema alitoka, lakini siku aliyotoka siijui. Hakuna aliyemfukuza. Mwalimu alikuwa na desturi ya kumtumia kila mtu ujumbe wa mazoezi, na wiki moja ujumbe wa mpiga solo haukwenda. Nilikutana naye sokoni.

"Mazoezi lini, dogo?"

"Tulishafanya. Jana."

Akanitazama, akawatazama samaki waliokuwa mezani, akasema, "Sawa." Baadaye nikasikia yuko Dar, anapiga kwenye kanisa kubwa. Tangu siku ile nilijua kwamba bendi yetu haimwambii mtu toka. Inaacha kumwambia njoo. Kila ujumbe wa Mwalimu ulipoingia kwenye simu yangu nilishusha pumzi, na ulipochelewa nilianza kukumbuka nilikosea wapi.

Tulirekodi Lindi, kwenye chumba kilichozibwa magodoro ukutani. Mwenye studio alikuwa kijana mwenye kofia ambaye hakututazama usoni. Nilipiga sehemu yangu. Akanirudisha mwanzo, nikapiga tena. Akasema, "Safi. Kapumzike, mdogo wangu."

Nilikwenda kukaa nje na mpiga dramu. Dada na Mwalimu walibaki ndani. Walikaa sana. Mpiga dramu alilala kwenye benchi, akakoroma, akaamka, na bado mlango ulikuwa umefungwa. Walipotoka, macho ya dada yalikuwa mekundu.

"Vumbi," akasema, kabla hajaulizwa.

Chumba kile hakikuwa na vumbi. Njiani kurudi alikata chapati yake akanipa nusu. "Kula, mdogo wangu. Umechoka leo." Alikuwa mtu mwema siku zote, lakini chakula chake hakuwahi kukigawa. Nilikula chapati ile huku nikijiuliza ni ya nini.

Gitaa letu lilikuwa na ubovu. Shingo ya gitaa la besi ina vyuma vidogo vinavyoikatiza, na kila chuma kina sauti yake. Kwenye ule uzi mnene kuliko wote, chuma kimoja kilikuwa kimelika. Ukibonyeza pale, uzi unalia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Kwa hiyo kila wimbo uliponitaka nishuke pale, mimi nilipanda. Niliichukua sauti ile ile lakini ya juu, kisha nikarudi chini. Niliona ni kawaida. Mpiga dramu alishazoea, akawa anagonga matoazi pale pale ninaporuka, na nikadhani wote wanaelewa kwa nini.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa naponda barafu wakati redio ya bosi wangu ilipoanza kupiga wimbo wetu. Bosi ni mfanyabiashara anayenunua samaki mpaka Songo Mnara, mtu wa swala tano na wa maneno mengi.

"Wewe mlokole! Si nyie hao?"

"Ndio sisi, bosi."

"Ndio sisi, bosi! Mtu yuko redioni na amenuna kama kibua. Cheka, basi!"

"Staa anaponda barafu," akasema mbebaji mmoja, na wengine wakaangua kicheko. "Staa, niongezee barafu kwenye tenga langu!"

Nilicheka kwa sababu walitaka nicheke. Nilikuwa nasikiliza. Kiitikio kilikuja, kikafika pale ambapo mimi hupanda, na besi haikupanda. Ilishuka. Ilishuka moja kwa moja, safi, kwenye sauti ambayo gitaa langu haliwezi kuitoa. Nikangoja kiitikio cha pili. Ikashuka tena.

Yule hakuwa mimi.

"Hongera, mwanangu," bosi akasema, safari hii bila utani. "Mama yako amesikia?"

Nikasema asante. Nyundo ilikuwa bado mkononi.

Kwanza nilimshuku yule kijana wa kofia, kwamba aliiweka besi kwa kompyuta. Lakini mtu wa studio habadilishi kitu bila ruhusa ya wenye wimbo. Kisha nikakumbuka mlango uliofungwa. Kwenye mazoezi yaliyofuata sikuangalia nyuzi zangu, niliangalia mkono wa kushoto wa Mwalimu. Zamani ulikuwa kwenye paja. Sasa ulikuwa juu ya kinanda, unatembea chini kule, taratibu, kwenye njia yangu. Nilipunguza sauti ya gitaa kidogo. Hakuna aliyegeuka. Nikaipunguza zaidi. Wimbo ulikuwa umejaa vile vile.

"Leo tuko vizuri," Mwalimu akasema. "Tukienda hivi Lindi, watatukumbuka."

Tulikuwa tumealikwa kwenye mkutano wa vijana kule. Nilitaka kuuliza, nikakosa pa kuanzia. Jioni ile mpiga dramu alinirudisha nyumbani kwa pikipiki yake, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake na hanioni uso, niliweza.

"Kaka, kule studio, besi alipiga nani?"

"Si wewe? Au ulimtuma mdogo wako?"

"Nauliza kweli."

Akapunguza mwendo. Akakwepa shimo ambalo halikuwa kubwa kiasi hicho.

"Mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi. Uliniona."

"Lakini unajua."

"Dogo, mimi nagonga vitu. Anayegonga vitu haulizwi." Aliponishusha akaongeza, bila kucheka, "Wewe njoo mazoezi tu. Usiache kuja."

Maneno yale nilikaa nayo. Mtu hamwambii mwenzake usiache kuja kama hakuna wanaofikiria aache.

Tangu hapo kila kitu kikawa na upande wa pili. Wakinyamaza ninapoingia, niliona wamekatiza jambo. Wakiendelea kuongea, niliona wamebadilisha jambo. Dada aliniuliza kila mara kama nimekula, na kila alipouliza nilizidi kumwondoa kwenye orodha ya wanaonifanyia ubaya. Niliamini ni Mwalimu peke yake. Kinanda ni chake, ujumbe anatuma yeye, mkono ni wake.

Lindi tulipanda jukwaani mchana, kwenye ukumbi uliojaa vijana kutoka wilaya zote za mkoa. Tulipojaribu vyombo besi ilisikika vizuri, sakafu ya mbao ilitetemeka chini ya viatu vyangu. Nikatulia kidogo. Dada akaja kunishika bega.

"Umekunywa maji, mdogo wangu?"

"Nimekunywa, dada."

Akashuka kwenda kwa fundi mitambo, aliyekaa pembeni ya ukumbi na mashine yake ya vitufe, akamwinamia sikioni. Nikajua anaomba kipaza sauti chake kiongezwe. Waimbaji wote huomba hivyo.

Tulianza. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili ndio ule wa redioni, na vijana waliujua, wakasimama wote, wakaanza kuruka. Katikati ya ubeti niligundua kwamba sakafu haitetemeki tena pale niliposimama. Besi niliisikia ikitoka kwenye spika kubwa za mbele. Kwangu haikuwepo. Nikapiga uzi kwa nguvu. Hakuna kilichobadilika.

Nikaondoa mkono kwenye nyuzi kabisa. Besi ikaendelea.

Kuna kitu kila mpiga gitaa anakijua. Ukichomoa waya wakati sauti yako iko wazi kwenye mashine, spika zinatoa mlio wa kishindo, na watu wanaruka kwa hofu, na unagombezwa. Niliushika waya wangu. Nikauchomoa.

Kimya. Yaani wimbo uliendelea, watu waliendelea kuruka, dada aliendelea kuimba kwa macho yaliyofumbwa. Hakuna mlio wowote. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote wale nikiwa nimebeba ubao.

Mimi ni mtu ambaye nikichelewa ibada nasimama nje mpaka iishe, ili nisipite mbele za watu. Siku ile nilishuka jukwaani katikati ya wimbo, gitaa shingoni, waya ukiburuzika, nikapita ukutani mpaka kwa fundi mitambo. Aliondoa spika ya masikio kwenye sikio moja.

"Shikamoo, kaka. Besi umeizima?"

"Marahaba. Nimeambiwa niizime wimbo huu."

"Na nani?"

Hakunyoosha mkono. Alinyoosha kidevu, kuelekea jukwaani, na nilifuata kidevu chake nikimtafuta Mwalimu. Lakini kidevu kilikuwa kinamwonyesha dada.

Baada ya ule wimbo kulikuwa na maombi na matangazo, kisha tungerudi kwa wimbo mmoja wa kufunga. Tulikutana nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Mwalimu alianza kusema kwa sauti ya chini, kama anayemwongelesha mteja.

"Dogo, umeshuka jukwaani. Watu wamekuona."

"Dada ndiye aliyenizima."

Dada alikuwa anajifuta jasho kwa kanga. Hakukataa. "Ndiyo. Mimi."

"Na studio?"

"Na studio. Nilimwomba Mwalimu apige yeye. Pale kwenye kiitikio, wewe unapanda, na mimi nimeshika sauti yangu ndefu. Nasikia kama mtu ananivuta kanga kwa nyuma. Napotea. Studio nilipotea mpaka nikalia, na yule kijana akaanza kunicheka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambieje? Wewe ukiambiwa neno dogo unainama wiki nzima."

"Tungekuambia baadaye," Mwalimu akasema.

"Lini?"

Akageukia mlango wa ukumbi.

"Sipandi kwa kupenda," nikasema. "Gitaa ni bovu pale. Chuma kimelika."

Mpiga dramu akashika kichwa. "Kumbe! Mimi nilidhani ni mbwembwe zako. Nimekugongea matoazi pale siku zote, nikajua jamaa ana maringo, acha nimpambe!"

Dada alicheka kidogo, kisha akaacha. Mwalimu akasema, "Chuma kipi?" Nikamwonyesha. Alibonyeza kwa kidole gumba, akainamisha kichwa kama anayesikiliza simu mbovu. Mtu aliyekuwa akifungua televisheni za mji mzima hakuwahi kuliangalia gitaa la bendi yake. Labda ni kweli hakujua. Labda alikuwa anatafuta muda. Sikuweza kuona tofauti.

"Sawa," akasema. "Tumalizie hivi hivi, tukirudi nyumbani tutazungumza."

Hivi hivi maana yake nipande jukwaani nimezimwa. Ndani walikuwa wanaita jina la bendi yetu.

"Nikisikika napanda," nikasema. "Nisiposikika sipandi."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Mwalimu alimtazama dada. Nilielewa hapo hapo kwamba si yeye anayeamua, na kwamba huenda hakuwahi kuamua. Dada akafunga kanga yake vizuri, akaenda mwenyewe kwa fundi mitambo. Niliposimama mahali pangu na kugusa uzi, sakafu ilitetemeka.

Wimbo wa kufunga una sehemu kama ile, nayo iko katikati ya sauti ndefu ya dada. Nilikuwa nimeshaamua. Nikifika pale sitapanda, na kushuka siwezi, kwa hiyo nitaacha wazi. Nitampisha. Tukafika. Nikaondoa kidole.

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukaingia. Sauti moja tu, nzito, safi, pale pale nilipoacha, kisha ukarudi pajani. Nilimtazama. Alikuwa anawatazama watu huku anatabasamu. Dada hakupotea. Watu walipiga vigelegele.

Kwenye gari kurudi Masoko nilikaa nyuma ya Mwalimu.

"Pale niliacha wazi kwa ajili ya dada," nikasema. "Wewe uliingia kwa nini?"

"Nilikusaidia."

"Sikuomba."

"Ndiyo maana inaitwa msaada," akasema, na wengine wakacheka. Mimi nilitazama nje mpaka Nangurukuru.

Wiki ile ujumbe wa mazoezi ulinifikia. Jumamosi, baada ya alasiri. Niliusoma mara nyingi kuona kama una neno lililojificha, haukuwa nalo. Jumamosi nilitoka kazini mapema kuliko kawaida nikaenda kanisani kabla ya saa iliyoandikwa. Nilitaka niwe wa kwanza.

Mlango ulikuwa wazi na wote walikuwemo. Mwalimu alikuwa amekaa na gitaa la besi mapajani, nyuzi zimelegezwa, koleo mkononi. Dada alikuwa anammulikia kwa simu. Mpiga dramu alikuwa anaongea, aliponiona akanyamaza.

"Tunaangalia kile chuma chako," Mwalimu akasema.

"Tulitaka ukifika ukute kiko tayari," dada akasema.

Huenda ilikuwa hivyo. Gitaa likipona, mtu yeyote anaweza kulipiga, na mimi ndiye niliyewaonyesha penye ubovu. Nilisimama mlangoni. Walinitazama wote, wakingoja niseme asante, au niiname kama walivyozoea.

Nikaenda mpaka mbele ya Mwalimu, nikanyoosha mikono.

"Nipe. Nitalishika mimi, wewe ufunge hicho chuma."

Akanipa gitaa. Koleo akabaki nalo.